Mtoto Hajakura

Kwetu Tanga wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Huyu mama aliniambia tazama kila Jumamosi kwa miaka mitatu, mimi mwenye macho mawili mazima, na sidhani kama aliwahi kuridhika na nilichokiona. "Reba!" ananiita, yaani tazama kwa Kinyarwanda, na kabla sijageuza shingo ameshanigombeza kwamba nimechelewa. Sasa amehamia Musanze kwa binti yake, nikasema haya, angalau nitapumzika. Wapi! Juzi nimepokea ujumbe: yule mwewe wa kwenye mnara wa simu anafanya nini siku hizi? Sijui, mama yangu. Nina kazi, nina mtoto, nina maharage jikoni. Nikazima jiko, nikatoka nje nikatazama.

Mtaa mzima huku Kinyinya walimwita Mubyaza, yaani Mkunga, nami nitamwita hivyo hivyo. Alizalisha wanawake maisha yake yote ya kazi, katika hospitali tatu tofauti, na alipostaafu hakuweza kukaa kwenye kiti akafuma vitambaa kama wenzake. Akaanza kutazama ndege. Aliwatazama kama alivyomtazama mama mwenye uchungu: kwa saa, kwa daftari, na kwa ukali. Daftari lenyewe lilikuwa lile kubwa la jalada gumu, la wodini, alilolipigia mistari kwa rula. Safu ya kwanza, saa. Ya pili, nani. Ya tatu, anafanya nini. Ya nne aliiandika "matokeo", na ole wako uiache wazi.

Mimi nilikuja Kigali kwa ndoa. Mume wangu ni Mnyarwanda aliyekulia Bukoba, na kazi yangu ni kutafsiri katika ofisi moja Kimihurura, hotuba za watu wa mikutano na karatasi zao zisizo na mwisho. Tulinunua kiwanja Kinyinya, tukahamia kwenye vyumba viwili vya uani, na mbele yake tukaanza kujenga nyumba yenyewe, kidogo kidogo, kwa rukarakara, matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Ni matofali mazuri, lakini yana sharti moja: yaezekwe kabla ya mvua. Ukuta wa rukarakara usio na bati ukipigwa na masika unarudi kuwa tope. Fundi wetu, Damaseni, alinieleza vizuri. "Mama Keza," aliniambia, "mvua ikipiga hii ukuta wiki moja tu, utakunywa nyumba yako kama uji."

Sasa nikwambie kilichotokea. Mwezi wa tatu, kuta zimesimama, mbao za paa zimelala uani, mabati yapo, mawingu meusi yanajikusanya upande wa Gatsata kila alasiri. Jumamosi hiyo Mkunga alinijia asubuhi kama kawaida. Nikamwamkia shikamoo, akajibu kama alivyojibu siku zote, "Sawa, twende." Matembezi yalidumu hatua kumi. Alisimama mbele ya ukuta wetu akainua mwavuli juu kunizuia. Ndege mdogo, mweusi na mweupe, mwenye mkia usiotulia, alikuwa anaingiza nyasi kwenye tundu lililoachwa juu ya ukuta, pale pale panapokaa mbao ya paa. Akaingia, akatoka, akaruka, akarudi na kimzizi. Mkunga aliketi kwenye rundo la mchanga, akafungua daftari. Nikajua nimekwisha.

"Mama, Fundi anapanda Jumatatu," nikasema.

"Hapandi," akasema, bila kuniangalia.

"Anapanda! Mvua hiyo inakuja!"

"Mvua iko na watu wengi ya kungojea. Huyu iko na tundu moja tu."

Nikaita msaada kwa mume wangu. Baba Keza akatoka na mswaki mdomoni, akatazama juu, mswaki ukasimama. "Inyamanza," akasema kwa sauti ya chini. Inyamanza! Ndilo jina la ndege huyo kwa Kinyarwanda, na eti bibi yake kule Bukoba alimfundisha kwamba inyamanza haiguswi na kiota chake hakivunjwi. Nikamngoja Fundi, nikijua huyu walau ni mtu wa kazi. Jumatatu Fundi akapanda ngazi, akachungulia, akashuka taratibu na kofia mkononi. "Kuna yai tayari," akasema. "Mimi sitii mkono hapo." Watu wazima watatu, Waafrika, wana kuta za udongo na mawingu juu ya vichwa vyao, wamekubaliana kumngojea ndege. Nilitamani kulia.

Basi tukangoja. Tulifunika kuta kwa maturubai, tukaweka mawe juu, na kila upepo ulipovuma niliamka nikijiuliza kama bado nina nyumba.

Katika kungoja huko ndipo nilipomfahamu Mkunga vizuri, kwa sababu alihamia kwetu. Alikuja na kigoda chake asubuhi, akakaa mbele ya ukuta mpaka jua lilipokuwa kali, akaenda kwake, akarudi jioni. Nilipokuwa ofisini alinitumia ripoti kwenye simu. Nilipokuwa nyumbani alinipa ana kwa ana, na maswali juu.

Maswali yake yalikuwa na kanuni, na kanuni ya kwanza ilikuwa marufuku kutaja jina. Nilitembea naye miezi miwili ya mwanzo, tukishuka njia ya mikaratusi mpaka kwenye bonde la bustani za mboga, bila kuambiwa ndege hata mmoja anaitwaje. Nikiuliza, "Huyu ni nani?" ananijibu, "Iko nafanya nini?" Nikisema, "Sijui anafanya nini, nataka kujua ni nani," ananiambia mtoto wa watu hupewa jina siku ya nane, sembuse ndege niliyemwona leo. Na kweli, Wanyarwanda humpa mtoto jina siku ya nane. Lakini jamani, mimi ni mtafsiri! Maisha yangu ni majina ya vitu. Nilikuwa narudi nyumbani na safu ndefu ya "mdogo wa kijani aliyening'inia kichwa chini kwenye ua" na "mrefu aliyesimama kwa mguu mmoja dakika ishirini na mbili". Huyo wa mguu mmoja nilisimama naye, dakika zote ishirini na mbili, na siafu miguuni.

Kanuni ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Hairuhusiwi kusema ndege amefurahi. Hairuhusiwi kusema ameogopa, amekasirika, anampenda mwenzake. "Furaha umeiona wapi?" ananiuliza. "Umeona mkia. Andika mkia." Siku moja nilimwambia yangeyange wa bondeni wana kiburi. Alifunga daftari, akanitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyeangusha kopo la sindano. Akaniambia kwamba wodini, mama akipiga kelele, nesi mjinga anaandika "anaogopa". Nesi mwenye akili anatazama mikono, anatazama vidole vya miguu, anaandika alichoona, na ndiyo maana mgonjwa wake anapona. Baadaye njiani yeye mwenyewe alimtukana kunguru kuwa ni mwizi na mwana wa mwizi, akamrushia jiwe. Nikamuuliza hiyo tunaiandikaje. Akasema kunguru hawaandikwi.

Ndivyo alivyokuwa. Alidai kimya kikali kuliko cha kanisani, kisha yeye mwenyewe akaongea njia nzima. Aliwatetea ndege mbele ya mkutano wa mtaa, na Jumapili alichinja jogoo kwa mkono wake akamla na ndizi mpaka akaramba kisu. Alifuga paka mmoja mnene, wa rangi ya majivu, na kila tulipomwambia tumemwona paka huyo juu ya ukuta wetu alijibu kwamba paka wake ni wa ndani. Mayai yalifika matatu, yakatoa makinda wawili, na siku ya tano wawili wakawa mmoja. Sitaji mtu. Nasema tu kwamba paka huyo alilala siku nzima kwa shibe.

Kutembea naye mjini ilikuwa adhabu ya aina nyingine. Nusu ya wanawake wa Gasabo walikuwa wamepita mikononi mwake, na watoto wao pia. Hakukumbuka jina la mtu hata mmoja. Alikumbuka kila mtu alivyozaliwa, na alilisema hapo hapo, mbele za watu. Kijana mmoja wa suti, anatoka kazini na begi lake la kompyuta, alimwamkia kwa heshima zote. Mkunga akamshika kidevu. "Wewe ni yule alitanguliza matako," akasema. Kijana aliangalia viatu vyake. Mimi niliangalia viatu vyangu. Na Mkunga alikuwa ameshasonga mbele kwa sababu ndege chozi mmoja alikuwa anapigana na sura yake kwenye kioo cha gari.

Kuna siku tulipanda pikipiki mbili kwenda Nyabugogo. Katikati ya mteremko wa Gatsata, magari mbele, magari nyuma, akampiga dereva wake begani asimame. Mwewe alikuwa anavuta kamba ya nailoni kutoka kwenye uchafu, anairusha, anaidaka. Dereva wangu naye ikabidi asimame. Askari wa barabarani akaja na hasira zake za halali kabisa. Mkunga akamwambia "Reba!", na askari, Mungu anisamehe kwa kusema, akatazama. Walisimama wote wanne, kofia mbili za pikipiki na kofia ya polisi na mwavuli wa kiume, wanamtazama mwewe anayechezea kamba, na mabasi yanapiga honi mpaka masikio yanauma. Ni mimi peke yangu niliyeona haya.

Na ule mkutano wa umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa kila mwisho wa mwezi! Tulikuwa tumemaliza kusafisha mtaro, watu wamechoka, kiongozi wa mtaa anauliza kama kuna mwenye neno. Mkunga akainua mkono. Watu wakakaa sawa, maana mkunga mzee akiomba neno si mchezo. Akasimama akasema kwa Kinyarwanda kwamba tafadhali wote wanyamaze kidogo, kuna shore juu ya waya wa kipaza sauti anamlisha mwanawe. Akakaa. Wakanyamaza, watu zaidi ya hamsini, na majembe yao.

Binti yake alimletea kutoka Ulaya kitabu kikubwa cha ndege, cha Kifaransa, chenye picha nzuri sana. Alikisoma kurasa chache akanipa mimi nikitazame. Kilisema ndege hujenga viota theluji ikishayeyuka na maua yakianza. "Theluji ya wapi?" akauliza, akakasirika kana kwamba mimi ndiye niliyekiandika. Ya kwetu ni mvua, alisema. Mvua ya itumba, masika ya huku, ikikaribia, wadudu wanatoka, kila mama anajua chakula kitapatikana, na kila bwana anaanza kujenga. Alinipeleka bondeni kwenye mafunjo nikaone minana dume wakisuka viota. Dume mmoja alisuka nyumba, jike akaja, akaivuta, akaingia, akatoka, akaondoka. Dume akaibomoa yote, akaanza upya. Jike akarudi, akaikataa tena. Tuliporudi Mkunga alimsimulia Baba Keza habari hiyo, akamalizia kwa kutazama kuta zetu zenye maturubai. "Wewe una bahati," akamwambia. "Mke wako amekubali bila bati."

Baba Keza alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu Jumapili ya wiki iliyofuata upepo ulichukua turubai la upande wa nyuma, mvua ikapiga saa moja tu, na asubuhi kona ya chumba cha Keza ilikuwa imelala chini, rundo la tope jekundu na majani yakichungulia ndani yake. Keza, ana miaka sita, alisimama pale na gauni la shule akaniuliza kama chumba chake kimekufa. Nilimwendea Mkunga moja kwa moja kwenye kigoda chake. Nilimwambia yote. Nilimwambia ndege ana mbawa, anaweza kujenga tena kesho, mimi sina mbawa wala fedha. Nilimwambia kwetu wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu linauma.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Mtoto iko na manyoya ya kalamu," akasema. "Bado haijafunguka. Siku ine, siku tano. Ijumaa asubuhi mimi natazama, nakutumia ujumbe. Kama tayari, fundi apande."

Nikakubali. Nikamwambia Fundi, Ijumaa, na ngojea neno langu.

Hapa inanibidi nieleze jambo la ulimi, na nitajitahidi lisiwe somo. Kwa Kiswahili, kukua ni kukua na kula ni kula, na havikutani popote. Lakini kwa Kinyarwanda kukua ni *gukura*, na Mkunga aliposema Kiswahili alilichukua neno hilo hivyo hivyo: mtoto anakura. Na kwa ulimi wake, kama ndimi nyingi za hapa, r na l zinapishana. Kuangalia ni kuangaria, mbali ni mbari, kula ni kura. Wiki nzima na zaidi alikuwa ananitumia ripoti za kulisha: "Saa moja mpaka saa mbili, mtoto amekura mara tisa." Amekura, yaani amekula. Nilikuwa nimeshazoea kusoma hivyo bila hata kufikiri.

Ijumaa asubuhi niko Kimihurura, mezani kwangu kuna hotuba ya kurasa arobaini inayotakiwa kabla ya mchana. Mkunga alikuwa na miadi ya dawa za presha mjini, kwa hiyo alichungulia kiota mapema kisha akaondoka. Simu ikalia. Ujumbe: "Mtoto hajakura. Mafundi ingoje kidogo."

Nikasoma: mtoto hajala. Wangoje kidogo.

Nikampigia Fundi. Nikamwambia wangoje ndege alishwe kwanza, saa sita wakipanda haina shida. Fundi akauliza, "Mubyaza amesema?" Nikasema ndiyo, amesema.

Nimejitetea kwa jambo hili mara nyingi, na watu ni wema, wananiambia mtu yeyote angekosea. Si kweli. Mimi ninayelipwa kujua neno moja linasema nini ndani ya sentensi, nilipaswa kujiuliza: ni mkunga gani anayesimamisha mafundi kwa sababu mtoto hajanywa chai? Sikujiuliza. Mawingu yalikuwa meusi dirishani, nikaona mlango umefunguliwa kidogo, nikapita. Nilisoma nilichotaka kusoma.

Niliporudi jioni bati lilikuwa limekaa robo tatu ya nyumba, na mafundi wanapigilia kama wanafukuzwa. Mvua ikaanza wakati nafungua geti. Mvua kubwa, ile ya kuzuia mtu asisikie sauti yake. Ilipiga bati letu na kuta za chini yake zikabaki kavu. Baba Keza alinishika kiuno akanizungusha pale sebuleni pasipo na sakafu, nami nikacheka. Nilicheka sana, nasema ukweli wangu. Kisha nikamwona Fundi amesimama pembeni hajavaa kofia. Kofia ilikuwa juu ya mfuko wa saruji, na ndani yake kilikuwepo kitoto chenye manyoya yaliyofungwa bado kama kalamu, shingo imelegea.

"Nilipoinua mbao, ilianguka," akasema. "Mama Keza, si umesema ikishakula tupande?"

Baba Keza alichimba shimo dogo kwenye uzio wa minyaa. Mimi nilikaa nikasoma ule ujumbe tena na tena, na kila nilivyousoma ulisema kitu kimoja tu.

Asubuhi ilikuwa Jumamosi. Nilimkuta Mkunga mlangoni kwake, kwenye kigoda, hana zile buti zake za matembezi miguuni. Nikamwamkia. Hakujibu.

"Nimesikia mvua jana," akasema baadaye. "Inapiga bati yenu."

Kumbe alijua tangu jana. Alirudi kutoka mjini kwenye mvua ile, akasikia sauti ya bati mahali ambapo hapakuwa na bati, akaingia kwake akafunga mlango. Nikaanza kujieleza. Nikampa simu, nikamwonyesha ujumbe wake mwenyewe. Akavaa miwani, akausoma kwa sauti. "Mtoto hajakura." Akanirudishia. "Ndiyo. Hajakura."

"Mama, mimi nilisoma hajala. Hajakula."

"Hajakura," akasema, kama mtu anayenikubalia.

"Hapana! Haja-ku-la."

"Ndiyo, Mama Keza. Hajakura. Nimeandika hivyo."

Mungu wangu! Tulisimama pale tukirudishiana neno moja na yeye anasikia lile lile kila mara, nami natamani kujing'ata ulimi. Mwishowe nikatumia mikono. Nikaweka kiganja chini, nikakipandisha juu taratibu: mtoto anakuwa mkubwa. Kisha nikakusanya vidole nikavipeleka mdomoni. Ishara ya kwanza nikamwelekezea yeye: wewe uliandika hivi. Ya pili nikajielekezea mwenyewe: mimi nilisoma hivi.

Alitazama mikono yangu. Alikuwa mtu wa kutazama mikono. "Yooo," akasema, na uso wake ukashuka.

Nilingoja anigombeze. Nilitaka anigombeze, ningepumua. Badala yake akaniuliza, "Na mama yake? Iko nafanya nini?"

"Sijui."

"Hujatazama?"

"Sijatazama."

"Nenda."

Nikaenda. Nilisimama uani kwangu kwenye matope, na yule ndege akaja na wadudu wamejaa mdomoni, mabawa yao yanachomoza pembeni. Alitua kwenye ukingo wa bati. Miguu yake iliteleza. Akatembea mpaka pale juu ya tundu lake la zamani, akainama akachungulia chini, hakuna tundu, mbao na msumari tu. Akaruka. Akarudi na wadudu wale wale. Nilihesabu mara tisa, kisha nikarudi kwa Mkunga nikamwambia.

"Tisa, halafu?"

"Halafu nimeacha."

"Kwa nini umeacha?"

Hapo nikapasuka. Nilimpigia kelele mwanamke aliyenizidi miaka thelathini, mlangoni kwake, Jumamosi asubuhi, majirani wanapita na madumu ya maji. Nilimwambia nimechoka kutazama. Miaka mitatu nimetazama, nimeumwa na siafu, nimeaibishwa barabarani, nimeandika mikia. Kutazama kunamsaidia nini yule ndege? Kunamsaidia nini mtu yeyote? Nikaanza kulia, na kulia kwenyewe kulikuwa kwa hasira.

Mkunga alisogea kwenye kigoda, akanipa nusu. Tukabanana pale.

"Maziwa inakuja siku ya tatu," akasema. "Mtoto iko, mtoto haiko, inakuja. Mama analala amezika mtoto, anaamka, nguo yake imerowa hapa." Akajigusa kifua. "Siku hiyo watu wote wanakimbia. Daktari anakimbia. Bwana yake anakimbia, anasema anaenda kununua soda. Hata mama mkwe anakimbia. Hakuna dawa, hakuna neno, mtu aseme nini?"

"Wewe ulisema nini?"

"Mimi sikusema. Nilivuta kiti, nikakaa, nikamtazama. Mpaka ikauke."

Akainuka, akaingia ndani, akatoka na buti na mwavuli. Daftari aliliacha. Tulikwenda kwangu taratibu, na hata siku hiyo hakukosa la kusema: misumari imepigiliwa ovyo, rangi ya bati inaumiza macho, na ngazi imeachwa kwenye mvua. Tukaketi kwenye matofali yaliyobaki, chini ya mwavuli mmoja, maana manyunyu yalikuwa yameanza. Baba Keza alituletea chai akatuona, akaiweka chini akaondoka.

Ndege alikuja. Akateleza, akatembea, akachungulia, akaruka. Alikuja tena, na tena, na tena. Sikuhesabu kwa sauti na Mkunga hakuniambia nitazame. Chai ilipoa. Mara ya tano alikuja na mdudu mmoja tu, mkubwa, akasimama naye ukingoni mwa bati muda mrefu, mkia umetulia. Kisha akamla mwenyewe.